Nishani ya Marehemu Salvu

Mluzi ulipopigwa, Dorianne Micallef aliangusha machungwa yote.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko la Footscray limefurika mpaka nje ya milango, wauza samaki wanashindana kupaza sauti juu ya barafu zao, akina mama wanasukumana na vitoroli, na yeye kakwama katikati yao na mfuko wa machungwa aliyotumwa na mama yake. Mluzi ukalia mgongoni kwake. Mluzi wa vidole viwili, mrefu, unaopanda juu kisha unakatika ghafla. Duniani alimjua mtu mmoja tu aliyepiga mluzi wa namna ile, na mtu huyo alikuwa kaburini mwaka wa kumi na moja sasa.

Aligeuka. Akamwona mwanamume mrefu, nywele rangi ya majani makavu, kavaa kaptura ya kazi katika baridi ile ya mwezi wa tano, buti zake zina vumbi la mbao. Hakufanana na marehemu hata ukucha. Badala ya kumpa nafuu, hilo lilimtia hasira.

"Nani kakufundisha huo mluzi?"

"Samahani?"

"Huo mluzi. Nakuuliza, kakufundisha nani?"

"Baba. Wa kuitia mbwa." Mwanamume alikuwa ameshainama, anaokota machungwa miguuni mwa watu. "Namwita mwenzangu yule pale, kaziba masikio na muziki. Sikukuita wewe dada, ingawa ungeitika nisingelalamika."

"Kwa hiyo mimi nifanane na mbwa?"

"Mbwa wetu hajawahi kunifokea sokoni."

Dorianne hakutaka kucheka. Alicheka. Alikuwa amevaa koti jekundu la sufu lililomkaa kiunoni, nywele zake nyeusi kazibana juu kwa haraka, na alipocheka yule bwana alisahau chungwa alilokuwa ameshika.

"Naitwa Wade Treloar. Nimetoka Horsham, nina wiki ya pili hapa mjini. Seremala."

"Dorianne."

"Dori?"

"Dori naitwa na watu wangu."

"Basi nitajitahidi niwe mtu wako."

"Una mdomo wewe! Na huyo mwenzio unayemwita kama mbwa ni nani?"

"Tuan. Ananipeleka mazoezini. Nimejiunga na Braddock, tunacheza mpira."

Kicheko kikamfia usoni. Alimnyang'anya chungwa mkononi, akaingia kwenye kundi la watu, hata asante hakusema.

Niwape habari za Salvu kwanza, maana bila yeye hamtaelewa kitu. Salvu Micallef, kaka yake Dorianne, alikuwa mchezaji wa Braddock, jezi namba kumi na saba. Kila mwaka klabu ile humvisha nishani mchezaji aliye bora na muungwana. Yote mawili, sikilizeni vizuri. Wazee wa klabu hutazama kila mechi na kupiga kura zao kimya kimya, hakuna anayejua nani anaongoza mpaka zisomwe hadharani mwisho wa msimu. Lakini mtu akifungiwa na kamati ya nidhamu, hata mechi moja, basi, awe na kura za kujaza ndoo, nishani haimhusu tena. Ubora anao, uungwana umempita. Mwaka wake wa mwisho Salvu alicheza kama aliyepandwa na pepo, kila mtu anajua nishani ni yake. Mechi ya mwisho akampiga mtu ngumi. Kamati ikamfungia. Akatoka kwenye kikao hicho mvua inamwagika, akashika barabara ya Ballarat kurudi kwao, lori likamkuta njia panda.

Klabu, kwa huzuni na labda kwa aibu, ikaipa nishani jina lake. Tangu hapo mama yake, Mama Vincenza, ndiye anayemvisha mshindi. Humvisha huku akitazama ukuta.

Nyumbani kwao St Albans chumba cha Salvu kilibaki kama alivyokiacha, na ukipita ukumbini ulikuwa bado unanusa ile dawa yake ya kuchua misuli. Mama Vincenza alikuwa akisema jioni anasikia buti za mpira kwenye njia ya saruji ubavuni mwa nyumba, njumu zinagonga, kwa, kwa, kwa, kama zamani Salvu akitoka mazoezini. Dorianne alimwambia ni bomba la maji. Hakumwambia kwamba yeye pia alikuwa anazisikia.

Jumamosi iliyofuata wote wawili walikuwa kantini ya uwanjani, kama kila Jumamosi, mama anamenya vitunguu, binti anapanga pai za nyama. Timu zilikuwa zinapasha misuli. Mluzi ukapigwa.

Kisu cha Mama Vincenza kikasimama hewani. "Salvu."

"Mama, siyo. Ni mgeni mmoja, katoka shamba, anaitwa..."

"Nyamaza wewe." Mama alikwishavua aproni. Alitoka na harufu yake ya vitunguu, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, Mzee Noel Prideaux, aliyekuwa anakunywa chai karibu na ubao wa magoli. "Noel. Yule kijana mrefu mpeni kumi na saba."

"Mama Vincenza, namba ile tumeihifadhi."

"Mmemhifadhia nani? Si mwenyewe kaja?"

Mzee Noel alitazama chai yake. Nani angemkatalia mama yule? Wade alivishwa namba kumi na saba bila kuelezwa lolote, akadhani amepewa heshima ya mgeni, akaingia uwanjani akiwa anatabasamu. Dorianne alimtazama kutoka dirishani akikimbia mbali, mgongo na namba, mgongo na namba.

Simu yake iliita Jumatatu mchana.

"Hallo?"

"Namtafuta mwenye machungwa."

"Kakupa nani namba yangu?"

"Tuan. Nimemnunulia pai mbili."

"Namba yangu bei yake pai mbili?"

"Alitaka moja. Ya pili nimeongeza kwa heshima yako."

"Wade, mimi na wachezaji mpira hatuna maelewano."

"Mimi ni seremala. Mpira nacheza Jumamosi tu. Nipe siku sita zilizobaki."

Jamani, mtu atafanyaje na mwanamume kama huyo? Walikutana kando ya mto Maribyrnong, Dorianne kavaa gauni la kijani chini ya koti lake jekundu, Wade kavaa shati moja safi alilokuwa nalo, lililokunjamana mgongoni. Walitembea mpaka pua zikawa nyekundu kwa baridi. Wade alimwambia kuhusu kondoo na ukame na jinsi mjini anavyokosa pa kutupia macho. Dorianne alimwambia yote kuhusu Salvu, na Wade akasimama.

"Kwa hiyo namba niliyovaa..."

"Ndiyo."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ukivua sasa, mama yangu utamuua. Vaa tu, kipenzi. Ni kitambaa."

Alimwita kipenzi bila kukusudia. Wade alilisikia neno hilo, akasahau habari ya jezi, akambusu palepale mbele ya mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa.

Jumapili zikawa za nyumbani kwa akina Micallef. Mama Vincenza alipika sungura kwa mvinyo na vitunguu saumu, akamkalisha Wade kwenye kiti ambacho hakuna aliyekikalia miaka kumi na moja, akampakulia paja. "Kula, Salvu wangu. Umekonda." Wade alifungua mdomo amsahihishe. Dorianne akamkanyaga mguu chini ya meza. Siku nyingine mama alileta koti la ngozi la marehemu, akalitia mabegani mwa Wade kwa mikono yake, akarudi nyuma kulitazama, machozi yanamtoka kwa furaha.

"Mama yako hajawahi kuniita jina langu," Wade alisema siku hiyo wakiwa getini.

"Anakula sasa, Wade. Miaka yote alikuwa anadonoa sahani kama ndege. Anaimba jikoni! Acha aite."

"Na wewe unaniita nani?"

"Wewe? Mpenzi wangu, mbwa wa Horsham, roho yangu. Chagua."

Wade alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Na kila alipofika nyumba ile kwa njia ya ubavuni, buti zinagonga saruji, mama alikuwa akiinua kichwa na kusema, "Si unasikia? Nilikuambia mimi." Dorianne alisikia. Wakati mwingine, Mungu amsamehe, alikuwa akisikia buti zikifika mlangoni dakika kadhaa kabla ya Wade mwenyewe kufika.

Msimu ukaenda. Wade alikuwa anacheza mpira wa kuwafanya watu wasimame juu ya magari. Watu walianza kunong'ona kwamba mwaka huu nishani inakwenda kwa akina Micallef, na Mama Vincenza alikwishapiga msumari ukutani sebuleni pa kuitundika. Dorianne naye alishikwa na jambo hilo kama homa. Siku moja Wade alimpigia akiwa kazini juu ya paa la mtu, wakataniana weee, na mwisho Dorianne akamwambia, "Haya, nina wateja hapa dukani. Kazi njema, Salvu."

Upande wa pili upepo tu.

"Umeniita nani?"

"Nimesema... Wade. Nimesema Wade, mpenzi."

"Sawa, Dori." Simu ikakatwa.

Mechi ya mwisho kabla ya fainali ilichezwa kwenye tope. Jezi zote zilikuwa rangi moja, huwezi kumtenga mtu na mtu. Mpira ulikuwa upande wa pili wa uwanja pale Dorianne, dirishani mwa kantini, alipomwona Wade akisimama na mchezaji mmoja wa wapinzani. Yule alikuwa anamwambia kitu sikioni, anacheka. Wade akamtandika ngumi moja ya taya, jamaa chini. Tuan alikimbia kuja kuwatenganisha, akainama juu ya aliyeanguka, na mwamuzi akageuka wakati huo huo. Alichoona ni mtu kalala na namba kumi na moja kainama juu yake. Akatoa kadi yake ya kuandikia wa kushtakiwa kwenye kamati, akaandika: kumi na moja. Tuan.

Na Tuan akanyamaza.

Klabu nzima ikanyamaza. Mzee Noel alipita kantini, akasema kwa sauti ya chini kama yuko msibani, "Kijana kakubali kuubeba mzigo. Watamfungia mechi kadhaa, ndiyo hivyo. Tusiyakuze." Kila mtu alielewa. Nishani ya Salvu haikutakiwa kuponyoka tena kwa namna ileile.

Dorianne alimkuta Wade nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, bado na tope mpaka kwenye nyusi.

"Jumanne naenda kwenye kamati," Wade alisema. "Nitawaambia ni mimi."

"Huendi."

"Tuan atakosa fainali, Dori. Kwa ngumi yangu."

"Kakubali mwenyewe! Wade, nisikilize. Namba ileile. Ngumi. Kamati ileile, barabara ileile, na wamesema itanyesha. Mimi nilimsubiri mtu usiku ule, hakurudi. Nakuomba. Nakupigia magoti kwenye tope hili ukitaka."

"Mimi si yeye."

"Najua!"

"Unajua?"

Dorianne akauliza lake. "Kwanza kwa nini ulimpiga? Alikuambia nini?"

"Maneno ya uwanjani tu."

"Maneno gani ya kukupotezea nishani?"

"Nishani ya nani, Dori?" alisema kwa upole, akaingia kuoga.

Jumanne ikanyesha kweli. Mama Vincenza alitenga sahani tatu, maana hakuambiwa kitu, akakaa mikono mapajani. Giza likaingia. Dorianne alipiga simu ya Wade, haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Mvua inapiga bati la gereji, na ndani ya mvua hiyo, jamani, akasikia. Kwa, kwa, kwa. Njumu kwenye saruji. Mama naye akasikia, akainuka uso unang'aa, akaenda kufungua mlango wa ubavuni kwa mikono miwili.

Hakukuwa na mtu. Maji tu yanatiririka.

"Amepita," mama alisema. "Hakuingia. Kwa nini hakuingia, Dori?"

Dorianne alikaa chini sakafuni pale pale. Alikwishaliona lori. Alikwishamwona polisi mlangoni na kofia mkononi, alikwishachagua gauni jeusi. Simu ilipolia aliitazama kwanza, akiogopa kuigusa.

"Dori, ni mimi. Wamenifungia mechi nne. Tuan yuko huru, atacheza."

"Uko wapi?"

"Kituo cha mafuta Deer Park. Simu ilizima, nimeazima chaja ya..."

"Nilijua umekufa!" Alipiga kelele mpaka mama akaziba masikio. "Nimeshakuzika hapa, Wade! Nimeshakuzika! Nilikuomba jambo moja!"

"Dori, mpenzi..."

"Usiniite. Umeitupa nishani makusudi. Umeitupa ili utuepuke, mimi na mama yangu na nyumba hii. Sema kweli!"

Wade angeweza kudanganya, mwanamume mwingine angedanganya. "Sijui. Labda ni kweli kidogo."

"Basi usije tena hapa."

Mama Vincenza alizirudisha sahani kabatini, akaingia chumbani kwa Salvu, akafunga mlango.

Tangu siku hiyo buti zikakoma. Ungesema ni nafuu, eh? Haikuwa. Jioni Dorianne alikuwa akizima redio, anazima jiko, anasimama ukumbini anatega sikio, na nyumba imekaa kimya kama kisima. Mama alirudia kudonoa sahani. Dorianne alikuwa akijiambia anamsikiliza kaka yake, mpaka jioni moja alipojikuta amesogeza pazia anatazama getini, na anayemtazamia ana nywele rangi ya majani makavu. Alishtuka. Buti alizozikosa zilikuwa za Wade. Kwa muda gani zilikuwa za Wade tu, hakuweza kusema.

Fainali ilichezwa, Braddock wakafungwa, na hayo ya mpira atawasimulia mwingine. Siku mbili baadaye Tuan Huynh aliingia duka la dawa la Sunshine alikokuwa anafanya kazi Dorianne, anachechemea, akaomba bandeji ya goti.

"Dada Dori, umekonda."

"Na wewe umefungwa. Tumetoka sare."

Tuan alicheka, kisha akageuza bandeji mkononi. "Dada, hivi Wade alikuambia yule jamaa alisema nini?"

"Maneno ya uwanjani."

"Mimi nilikuwa karibu, nilisikia." Alitazama nyuma kama kuna mteja. Hakukuwa na mtu. "Alimwambia, 'Maiti hakimbii hivyo, ndugu yangu.' Wade akacheka tu. Akamwambia tena, 'Hebu muulize yule dada wa kantini akikubusu, anakubusu wewe au anambusu kaka yake?' Hapo ndipo."

Dorianne alishika kaunta.

"Angekuambiaje hilo?" Tuan akasema. "Angeanzia wapi?"

Alikumbuka ule upepo kwenye simu. Alikumbuka lile swali kwenye tope, unajua?, na jinsi alivyokosa jibu. Tusi lile Wade hakulipiga ngumi kwa sababu ni uongo. Alilipiga kwa sababu alikuwa anaogopa ni kweli. Siku nzima Dorianne alikosea kuwahesabia watu vidonge, mpaka mwenye duka akamwambia aende nyumbani.

Alimpigia Wade. Iliita mpaka ikachoka. Akampigia tena kesho yake. Hakupokea.

Nishani ilitolewa Jumapili, chakula cha mchana, ukumbi wa klabu umepambwa kwa karatasi za rangi za Braddock, kuku wa kuoka kwenye meza ndefu, wanaume wamevaa suti zilizowabana tangu harusi zao. Dorianne alivaa gauni la rangi ya mvinyo, mama alivaa nyeusi kama mwaka jana na mwaka juzi. Wade alikuja. Alisimama karibu na mlango, kakataa kiti, kavaa lile shati moja lililokunjamana mgongoni. Watu walisema anarudi Horsham wiki hiyo. Dorianne alijaribu kumfikia, lakini Mzee Noel alikwishashika kipaza sauti na mama alikwishamshika yeye mkono.

Kura zikasomwa, mechi baada ya mechi. Treloar, tatu. Huynh, mbili. Treloar, tatu. Huynh, tatu. Watu walikuwa wanapiga meza kila jina likitajwa, na jina la Tuan lilikuwa linatajwa kuliko walivyodhani. Mwisho Mzee Noel alivua miwani.

"Kura nyingi kupita wote, Wade Treloar." Hakuna aliyepiga meza. "Aliyefungiwa, na kwa hiyo hastahili. Mshindi wetu, mchezaji bora na muungwana, Tuan Huynh."

Ikawachukua muda kuelewa. Yule waliyekubali abebe ngumi isiyo yake! Angefungiwa yeye, asingekuwa hata na haki ya kutajwa. Kisha ukumbi ukalipuka, Tuan akasukumwa mbele, kashika kichwa, haamini. Mama Vincenza akasimama na nishani mkononi.

Hakuinua mkono.

"Si yake," alisema.

"Mama," Dorianne akanong'ona.

"Si yake, Dori. Ya mwanangu hii. Alikuwa aje nayo nyumbani mwaka huu. Ya Salvu."

Tuan aliinamisha kichwa. Dorianne alimpenda mama yake kuliko kitu chochote na alijua anachotaka kusema kitamchoma kama kisu.

"Mama, Salvu amekufa."

Miaka kumi na moja ndani ya ukumbi ule watu walikuwa wamesema ametutoka, ametangulia, amepumzika. Neno lile hakuna aliyelitamka.

"Amekufa, mama yangu. Tumemrudisha kwa nguvu, mimi na wewe, tukamvika mtu mwingine mwenye uhai wake. Yule pale mlangoni anaitwa Wade. Nampenda. Nampenda yeye, na nimemtesa." Alinyosha mkono. "Nipe."

Mama hakutoa, lakini vidole vyake havikushikilia. Dorianne aliitwaa, akamvisha Tuan shingoni, akambusu mashavu yote mawili. "Hongera, mdogo wangu. Umestahili." Hakutazama ukuta.

Mama Vincenza alikuwa amekwishaanza kutembea. Alipita katikati ya meza, na nguo yake nyeusi tititi katika zile karatasi za rangi, kuelekea mlangoni, na watu walivuta viti wampishe. Kila mtu alidhani atampiga Wade kofi. Wade mwenyewe alidhani hivyo, akakaa tayari.

Mama alisimama mbele yake, akamtazama usoni. Alimtazama kwa muda mrefu, macho, nywele, kovu dogo kidevuni, kama mtu anayesoma kitu mara ya kwanza.

"Nimemzika mara mbili sasa," alisema. "Hii ya pili ndiyo imeuma."

"Pole, mama."

"Una mama wewe?"

Wade hakulitegemea swali hilo. "Ninaye. Yuko Horsham."

"Yu hai?"

"Yu hai. Anaitwa Lorna."

"Miezi yote hii unakula mezani kwangu, mtoto wa watu. Sikuwahi kukuuliza kama una mama. Anajua yaliyokupata?"

"Sijamwambia."

"Mpigie. Sasa hivi. Mama lazima ajue mtoto wake yuko wapi."

Alisema hayo akakaa kwenye kiti cha karibu, analia waziwazi, na mke wa Mzee Noel akaja kumshika mabega. Wade alitoa simu. Dorianne naye alikwishafika, gauni limemkunjika, wanja umemtiririka.

"Sikupokea simu zako," Wade akamwambia wakati simu inaita. "Niliogopa utaniita jina gani."

"Wade. Wade Treloar. Mbwa wa Horsham."

"Hallo, mama?" Aliiweka simu kwenye sauti ya nje. "Ni mimi. Mama, nilimpiga mtu, wamenifungia, na nishani nimekosa. Ndiyo. Hapana, sijaumia. Mama, subiri, kuna jingine. Kuna msichana hapa nataka kumuoa. Bado hajanijibu."

"Hujaniuliza!" Dorianne akapiga ukelele, na meza ya karibu ikacheka kwa machozi.

Wade akateremsha mkono wenye simu. "Dori. Utaolewa na mimi? Mimi hapa. Sina nishani, sina namba, natoka kwenye vumbi. Ni mimi tu."

Dorianne alitaka kusema ndiyo, lakini kwanza akamkumbatia. Wade naye akamkumbatia kwa nguvu, simu akaisahau. Na kutoka kwenye simu iliyoning'inia mkononi ikaja sauti ya mwanamke wa mbali, yenye upepo wa mashamba nyuma yake, inayoanza kuingiwa na hofu.

"Wade? Mbona kimya? Wade, mwanangu, upo?"

Mama Vincenza aliinua kichwa kusikia swali hilo. Dorianne akaichukua simu kwenye vidole vya Wade, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Yupo, mama," alisema. "Wade yupo. Ninaye mimi."